Ua la Jangwani Juu ya Paa la Mchafukoge

Kariakoo hakuna anayetazama mbingu. Majira ya mwaka tunayasoma chini, kwenye maturubai ya wauzaji. Tone la kwanza la masika likidondoka, yule aliyekuwa anauza soksi anauza miavuli, na bei keshaipandisha. Kipupwe kikiingia, masweta ya mitumba yanatoka kwenye marobota yananuka dawa ya nondo, na watu wazima wanayavaa kwa baridi ambayo Mzungu anaogelea nayo. Vuli inaleta mabuti ya mpira. Kiangazi kinaleta feni, barafu za vifuko na ugomvi. Mimi peke yangu pale Mtaa wa Kongo sikubadilisha bidhaa mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nauza maua ya plastiki, na plastiki haijui Januari wala Juni.

Msinicheke. Miaka hiyo maua ya plastiki yalikuwa biashara ya maana. Tulikuwa tumetoka juzi tu kwenye foleni za sabuni, watu tumefua kwa majani ya mpapai, halafu ikaja ruksa, milango ikafunguliwa, na kitu ambacho nchi nzima iligundua inakihitaji kwa haraka ni waridi la plastiki kutoka Dubai lenye matone ya umande ya gundi. Kila sebule ililitaka juu ya televisheni. Waliooa walilitaka, waliozika walilitaka. Mume wangu alikuwa kibarua bandarini, na kila kontena la maua likishushwa alirudi nyumbani amenuna, anasema hakutoka kwao Newala kuja kubebea watu mapambo. Wali uliopikwa kwa hela ya mapambo hayo aliula, tena akaomba ukoko.

Tulikuwa tunakaa Mchafukoge, kwenye jengo la ghorofa tatu ambalo ngazi zake zilikuwa na mashimo mengi kuliko barabara. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mjane wa Kihindi, Mhindu, umri umekaribia sabini, ambaye jengo zima tulimwita Ba. Kwa lugha yao ndivyo mtu anavyomwita mama au bibi. Baba mkwe wake ndiye aliyelijenga jengo lile. Jina la ukoo lilikuwa bado limechorwa kwa saruji juu ya mlango mkubwa. Baadaye serikali ikalitaifisha, na Ba akawa mpangaji kama sisi, analipa kodi ya chumba alichoingizwa akiwa bibi harusi. Niliwahi kumuuliza kama haimuumi. Akasema inamuuma mwisho wa mwezi tu.

Mimi na Ba tulianza kwa vita. Mimi mtoto wa kusini, ng'onda, samaki wa kukaushwa, kwangu ndiyo mboga, na Ba hali kitu chochote kilichowahi kuwa na macho. Siku ya kwanza nilipokaanga, akawasha kijiti kimoja cha udi mlangoni kwake. Nikaona ananiroga. Kesho yake nikapika papa mkavu kwa makusudi, naye akawasha vijiti vitano. Tukaenda hivyo wiki tatu, hadi ngazi zikanuka kama mtu kafungua hekalu katikati ya soko la samaki la Feri. Mwishowe akabisha hodi, akaingia bila kungoja karibu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha langu lililokuwa limekwama tangu tuhamie, akalipiga kwa kiganja, likafunguka. Akaniambia kwamba dirisha lina kazi yake. Basi ng'onda ikaendelea, na udi ukarudi kuwa kijiti kimoja.

Lakini hakuishia dirishani. Aliendelea kunigombeza tangu siku hiyo. Alinigombeza ninavyombeba mtoto, ninavyokamua nguo, ninavyokoroga chai mpaka inalia. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na duka la khanga miaka mingi, na siku moja alikuja Mtaa wa Kongo kunitazama ninavyouza. Alisimama mbali, kisha akaja kunisuta mbele ya wateja kwamba ninauza nikiwa nimesimama, na mteja akikukuta umesimama anajua una shida. Nikanunua kigoda. Haki ya Mungu, nilianza kuuza. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na mume wangu akigomba ni njaa tu. Kwa hiyo katika mji mzima wenye watu kama siafu, nilikuwa na mtu mmoja tu wa kunigombeza kwa faida yangu. Nalisema hili mapema ili mtakapofika kwenye uovu nilioufanya mjue nilikuwa na sababu.

Sasa ua lenyewe. Juu ya paa, tulipokuwa tunaanika nguo, kulikuwa na debe la mafuta ya kula lililopandwa kitu ambacho mgeni angedhani ni ugonjwa. Shina lake limevimba chini kama mguu wenye matende, juu vimatawi vinne vitano, na majani kibao. Ukikata tawi linatoa utomvu mweupe ambao ni sumu. Wawindaji wa zamani, walisema, walikuwa wanapaka kwenye mishale. Ba aliliita ua la jangwani. Ua lenyewe hatukuwahi kuliona.

Mumewe ndiye aliyelileta. Enzi zake alikuwa anapanda na lori la khanga hadi Moshi, na safari moja, katikati ya kiangazi, kwenye tambarare kavu za Same, akaona vichaka vya namna ile kwenye mawe: jani hata moja hakuna, mvua haijulikani itakuja lini, na maua ya rangi ya waridi yamejaa tele. Akamsimamisha dereva, akachimba kimoja. Ukoo wa Ba ulitoka Kachi, upande wa India ambako nchi ni chumvi na vumbi mwaka mzima, na bibi yake alikuwa akimsimulia jinsi jangwa lile linavyochanua likipenda lenyewe. Ba mwenyewe alizaliwa hapahapa mjini na jangwa alilijua kwa kuhadithiwa tu. Mumewe alimwahidi atampeleka akaone. Wakati ule kupata fedha za kigeni ilikuwa sawa na kupata sabuni, yaani kwa kujuana. Ruksa ilipokuja, watu wakawa wanakwenda Bombay kama wanakwenda Kigamboni, na mwaka huohuo mzee akafa. Debe likabaki.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, aliyekwenda Uingereza kusoma na akabaki hukohuko. Alikuja kwenye msiba. Kesho yake baada ya baba yake kuchomwa kwa desturi yao, tukiwa tumejaa sebuleni tunatoa pole, akasema mbele yetu kwamba anaondoka na mama yake. Ba hakubisha. Alinyoosha kidole kwenye dari na kusema atakwenda ua la baba yake likichanua.

Kijana akakubali. Aliona ni suala la miezi. Hakujua anashindana na jengo zima.

Maana jengo zima lilikuwa linamhurumia Ba, na huruma ya watu wa mjini ambao bomba linatoa maji siku mbili kwa wiki ni kukugawia maji. Mwalimu wa madrasa wa ghorofa ya kwanza, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, alikuwa anatawadha kwenye beseni, na kwa kuwa aliona si adabu maji ya udhu yaende mtaroni, aliyapandisha juu na kulimwagilia. Mara tano kwa siku. Wanawake tulipanda na maji ya kuoshea mchele, tukijua yana nguvu. Wengine walimwaga ya kusuuzia nguo. Kila mmoja alikuwa anashuka na beseni tupu, roho nyeupe, ameshatoa sadaka yake ya siku. Likajaa majani hadi matawi yakainama. Tukawa tunaulizana kwenye ngazi, jamani, hivi tatizo nini, na jibu likawa pengine maji hayatoshi.

Kila Jumapili mchana simu ya Ba ililia. Mimi nilikuwa nimeshazoea kukaa kwake saa hizo, nikichambua dengu, kwa hiyo niliyajua mazungumzo yao ya Kigujarati kwa sauti kuliko kwa maana. Mwishoni kijana alikuwa anahamia Kiswahili, kwa ajili ya kicheko tu nadhani, na nilimsikia kwa mbali anauliza kama limechanua. Ba alijibu bado. Hivyo miaka minne.

Wa kwanza kuujua ukweli nilikuwa mimi, au hivyo nilivyodhani. Kipupwe kimoja, katikati ya miaka hiyo, alikuja kibandani kwangu mama wa Kipare, mtu wa Same, kununua taji la kaburini. Alikuwa anabishania bei kwa ustadi hadi nikawa ninamheshimu. Katika maneno nikamweleza habari za debe letu. Aliweka taji chini, akanitazama kama mtu aliyeambiwa tunafuga mbuzi baharini. Akaniuliza tunalinywesha ili iweje. Kwao, alisema, lile linaota kwenye mwamba, mbuzi hawaligusi, mtu hana habari nalo, na ukiliacha njaa na kiu juani ndipo linachanua.

Nilifunga kibanda saa tisa, jambo ambalo sikulifanya hata kwa homa. Nikapanda ngazi mbilimbili kwenda kuwatangazia watu waache ujinga. Nilipofika ghorofa ya pili, mlango wa Ba uko wazi, yuko jikoni, akasikia hatua zangu na bila kugeuka akaanza kunigombeza kwa nini ninapiga ngazi kama kuli wakati mtoto wangu amelala kwake. Nikasimama palepale. Ndipo nikapiga hesabu ambayo sikuwa nimeipiga barabarani kote. Ua likichanua, Ba anaondoka.

Nikasema, "Shikamoo, Ba."

"Marahaba. Umekimbizwa na nani?"

Nikamwambia na mvua. Nje jua lilikuwa linawaka.

Basi tangu siku hiyo, wenzangu walikuwa wanalimwagilia kwa kutojua, mimi nikawa nalimwagilia kwa kujua. Uovu ndio huo. Nililisogeza debe chini ya kamba za nguo ili mashuka ya mwalimu yalikinge jua. Kipupwe kilichobaki nilipanda kila asubuhi na kikombe. Vuli ilipochelewa nikalinywesha mara mbili. Masika yalipokuja nikapumzika, mbingu ikanisaidia, na nilikuwa naisikiliza mvua kwenye mabati ya jirani kwa furaha kama mtu anayelipwa. Nyikani ua hilo lilikuwa na mwaka wake, ukame na mvua, njaa na shibe. Mimi nililifanyia masika ya miezi kumi na miwili. Nilijiona nina akili. Usiku nikiwaza kwamba kuna kijana wa watu huko baridini anamngoja mama yake, nilijigeuza upande wa pili.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilitutupa. Vuli ilinyunyiza siku mbili, ikaaga. Kiangazi kikaingia na meno yake. Mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa mgao, mabomba yakawa yanatoa pumzi tu. Maji tulinunua kwa dumu kutoka kwa wasukuma mikokoteni, ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yao walikuwa wanaringa. Mwalimu aliambiwa na wenzake msikitini kwamba penye shida ya maji kuna ruhusa ya kutayamamu, akawa anajipangusa kwa mchanga. Maji ya mchele tulifulia, ya kufulia tulisafishia choo. Hakuna aliyekuwa na hata tone la kumhurumia Ba. Watu wote wakaacha, isipokuwa mimi.

Mume wangu alikuwa anahesabu vikombe, kwa hiyo nilibuni ujanja. Saa nane mchana, watu wakiwa wamelala kwa joto, nilikuwa natia maji kwenye chupa ya chai, naifunga, napanda nayo kwapani kama ninampelekea mtu chai. Siku hiyo nimefika juu, saruji inaunguza hadi kupitia kandambili, nikamkuta Ba ameinama kwenye debe. Chini ya pindo la sari ameficha kikopo cha shaba, na anamimina maji polepole, kwa mkono wa mtu mzoefu.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeanza.

"Chai ya nani hiyo?"

Ningeweza kusema yoyote. Nimewahi kumdanganya afisa kodi nikimtazama machoni. Lakini jua lile lilinikausha maneno, nikafungua chupa nikamwonyesha. Akaitazama. Nikamwambia, "Ba, ua hili halitaki maji."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mume wangu analishusha kwenye lori. Wewe ulidhani watu wa Kachi wanahitaji kufundishwa ukavu na mtu wa Newala?"

Akaanza kucheka, mimi nikafuata. Tulicheka hadi akakaa chini kwenye ile saruji ya moto, akaruka kwa kuungua, tukacheka upya. Kumbe muda wote huo tulikuwa tunalinda geti moja kwa zamu bila kujuana. Kumbe aliapa kiapo akiwa anajua jengo lile halitaliacha ua lichanue, na pale ambapo jengo lililegea, alikuwa anaongezea mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini asiseme tu kwamba hataki. Alifuta macho kwa pindo la sari. Alisema kule atakuwa mgeni wa mwanawe, atakaa kwenye kiti anachoonyeshwa. "Hapa," alisema, "hata serikali ni mgeni wangu." Lakini kumwambia mtoto wa pekee kwamba sitaki kuja kwako ni neno zito, na ua halijui kuona haya, ndiyo maana akalitwisha ua. Nikamwambia sasa basi, tumeshazeeka kwa uongo huu, yeye kwa umri na mimi kwa kupanda ngazi. Jumapili amwambie. Akafikiri, akakubali. Maji yaliyokuwa kwenye chupa yangu tulikunywa wenyewe.

Jumapili alivaa sari nyeupe safi, utadhani simu ina macho. Mimi nilikaa na dengu zangu, hazichambuliki. Simu ikalia. Ba alianza vizuri, sauti imara; nilimsikia anazungumza kama anayesoma kitu alichokiandika kichwani. Kisha akakatizwa. Alisikiliza muda mrefu sana, na uso wake ulikuwa unabadilika kidogokidogo, na mkono wa pili ukaja kusaidia kushika mkonga wa simu. Mwisho alisema maneno machache kwa haraka, akakata.

Nilimuuliza, "Umemwambia?"

"Nimemwambia limechanua."

Nilidhani joto limempanda kichwani. Nikamuuliza limechanua wapi, juu kuna majani tu. Ndipo akanieleza. Kabla hajafika kwenye neno lake, mwanawe alimtangulia. Alisema mama asijisumbue tena na mambo ya ua. Nyumbani kwake alikuwa amemwekea chumba, kitanda, na picha ya baba yake ukutani, na kwa miaka minne hakuna aliyelala humo. Sasa amempangisha mwanafunzi, anahamia mwisho wa mwezi. Hakuwa na hasira, Ba alisema. Angekuwa na hasira ingekuwa afadhali.

"Nilitaka aningoje," alisema. "Sikujua kama anaweza kuchoka."

Hapo ningemkumbatia kama ningekuwa mtu mwema. Badala yake nilipandwa na hasira. Nilimwambia yeye ni mwongo, mtu mzima ovyo, na miungu yake yote ukutani inamsikia. Akasema inasikia lakini haina simu. Nikamwaga dengu, nikatoka. Siku tatu sikumsalimia, na siku ya nne nilimsalimia kwa sababu ilibidi: mtoto wake alikuwa ameshakata tiketi, anakuja baada ya wiki mbili kumchukua, na alikuwa ameomba jambo moja tu. Anataka apande juu alione ua la baba yake.

Tulilitoa debe chini ya kamba tukaliweka katikati ya jua. Hatukulimwagilia hata tone. Mimi, adui yake mkubwa, nikawa naenda kulikagua asubuhi na jioni kama mkunga. Wiki ya kwanza majani yakawa manjano. Wiki ya pili yakaanguka yote. Likabaki lile shina la matende na vijiti, upara mtupu. Nilimtuma mtu amtafute yule mama wa Kipare, akajibu kwamba tuliharibu wenyewe miaka minne, tusitegemee litusamehe kwa wiki mbili. Ba alikuwa anafungasha. Sufuria hii ya jirani wa chini, kabati lile la mwalimu. Alisema mwanawe akija atamwambia ukweli, atamwambia hapo juu penyewe. Alisema hivyo huku anakunja sari ileile mara ya tatu.

Na mimi sikutaka aondoke. Sikubadilika hata kidogo, na mtu asiniandike kwamba niliongoka. Lakini nilimwona anavyokunja ile sari. Kama angesimama juu ya paa mbele ya kijiti kikavu na kukiri kwamba alidanganya, miaka minne na ile simu, yule kijana angeshuka ngazi akiwa na haki yote, na chumba kingebaki cha mwanafunzi. Angekosa huko na hapa asingekaa kwa amani tena.

Siku ya kijana kuwasili, alfajiri ilipopambazuka nilikwenda kibandani. Mawaridi hayakufaa, yana petali nyingi na umande wa gundi, hata kipofu angetambua. Nilifungua mataji ya makaburini, manne, nikayachomoa maua madogo ya rangi ya waridi yenye petali tano. Mungu na marehemu wanisamehe. Nikapanda juu na waya mwembamba, nikawa nayafunga mojamoja kwenye ncha za vijiti, mengine yamefumba, mengine yamekunjuka, na mawili matatu nikayadondosha chini kwenye udongo. Mwalimu wa madrasa alipanda kuanua kanzu yake akanikuta. Aliitazama kazi yangu. Akasema yeye ni mtu wa dini na hajaona kitu. Kisha akaenda kwake, akarudi na koleo ya kukatia waya, akaiweka karibu na mguu wangu na kushuka. Sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile, na ilikuwa kwa jambo nisilolitaka.

Kijana alifika saa nne na koti mkononi, shati limelowa. Alikuwa ameota mvi. Alimwamkia mwalimu, akaruka yale mashimo ya ngazi bila kutazama chini, kama mtu ambaye hakuwahi kuondoka. Ba alimwambia akae kwanza anywe chai. Akasema chai baadaye. Wakapanda, mimi nyuma yao, na nilimwona Ba anashika ukuta kwa mkono na kunong'ona, nadhani alikuwa anapanga maneno ya kukiri.

Ba akatoka kwenye mlango wa paa, akayaona maua. Alisimama. Hakunitazama. Mwanawe akapita mbele, akachuchumaa mbele ya debe, na ndipo nilipokiona kikaratasi cha bei, kimenasa chini ya ua la pembeni, mwandiko wangu mwenyewe. Naye alikiona. Alikibandua kwa ukucha, taratibu, mgongo wake umemkinga mama yake, akakikunja na kukitia mfukoni. Kisha aligusa petali moja kwa kidole, na mabega yake yakatikisika kidogo. Sikujua kama anacheka au analia. Mpaka leo sijui.

"Yamechanua vizuri, Mama," alisema alipoinuka. "Baba angefurahi."

"Mwaka wa jua kali," Ba alijibu, na sauti yake ilikuwa imekauka.

Kijana akatoa kamera kwenye begi. Alitaka picha yao wote wawili na ua, akanipa mimi nipige. Wakasimama kila mmoja upande wake wa debe. Nilifumba jicho moja nikawatazama kwenye kile kioo kidogo, Ba na sari yake nyeupe, anatabasamu mbele ya maua ya makaburini, machozi yanamtiririka hadi kidevuni na hayafuti. Mimi nami nilikuwa nalia, sioni vizuri.

"Shika vizuri," Ba akasema. "Unatikisa. Ndivyo watu wanavyoshika kamera hivyo?"

Nikashika vizuri, nikabonyeza.